Jumatano, Sindano Kashani

Shangazi yangu anashona kofia katika mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, na wanaojua kofia humsifu kwa mkono wake. Mimi nataka kumsifu kwa jambo lisilomwingizia hata shilingi. Kila Jumatano, mambo yakiruhusu, hutia sindano, uzi na kofia iliyofika nusu ndani ya kasha, akageuza ufunguo, akakaa nyumbani peke yake mpaka usiku bila kufanya kitu. Haumwi, na pa kwenda anapo. Ana ndugu kila mtaa kuanzia Mkomani hadi Langoni. Anakaa kama fundi anavyoketi kwenye kazi yake, kwa matayarisho, kwa vifaa na kwa hatua zinazofuatana, ingawa kwa mpita njia yule ni mama mtu mzima aliyeegemea ukuta.

Niliuona ufundi huo kwa sababu msimu mmoja wa kusi nilipewa chumba chake cha juu nikamalizie mswada. Dirisha la chumba kile linatazama kiwanda, ule uwanja mdogo usio na paa ambao ndio unaozipa mwanga nyumba za mawe za Lamu. Masharti yalikuwa mawili: Jumatano nisishuke ila kwa haja, na siku hiyo nisimwulize neno. Maswali yangu alinijibu Alhamisi, sindano ikiwa imesharudi mkononi.

Anachokiacha kashani si kitu chepesi. Kofia ya kushona kwa mkono ina vipande viwili vya kitambaa cheupe, cha juu kilicho duara na kile cha kuzunguka kichwa, na pambo lake ni vitundu. Kila kitundu hutobolewa, kisha ukingo wake huzungushiwa uzi, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka kisimame wazi chenyewe hata kofia ikifuliwa. Vitundu vikikaa pamoja ndivyo vinavyotoa ua, nyota, mwezi mchanga. Kofia nzuri hula miezi. Siku sita za juma jicho la shangazi halitoki kwenye eneo dogo kuliko ukucha wake, na kila baada ya mishono michache hupitisha kidole gumba juu ya uzi ulale, tendo dogo ambalo sidhani kama mwenyewe anajua kwamba analifanya.

Kwa hiyo tatizo la kwanza la Jumatano ni mikono. Kichwa kinaweza kuambiwa leo hakuna kazi na kikakubali, lakini mkono uliozoea sindano hauambiliki. Asubuhi ile ya kwanza niliona kidole gumba chake kikisugua ncha ya kidole cha shahada, kikizungusha uzi usiokuwepo. Hakukikataza. Alilaza viganja juu ya mkeka, akaviacha, vikacheza vitakavyo, na kufikia saa nne vilikuwa vimenyamaza. Nilimwuliza baadaye kwa nini asishike tasbihi, maana wazee wengi hutuliza mikono kwa tasbihi. Akasema tasbihi ina wakati wake baada ya sala, na ina ujira wake kwa Mungu, na mtu asichanganye ujira na siku isiyo na ujira. Hata tambuu hatafuni siku hiyo. Pindo la kanga, basi. Hilo hulishika likalegea mkononi.

Siku yenyewe huanza Jumanne. Alasiri hufagia, hujaza maji, hupika wali mwingi kuliko anaoweza kula usiku ule ili kesho yake awe na kiporo. Huenda dukani akalipa deni lake, hata likiwa la nusu kilo ya sukari, kwa maelezo kwamba deni dogo lina mdomo mkubwa. Kisha hupita kwa jirani wa kulia na wa kushoto, hukaa kitako, hunywa chai, husikiliza nani kachumbiwa, nani karudi kutoka Mombasa, mtoto wa nani kaanguka kwenye punda. Ziara hizi za Jumanne nilizidharau mwanzoni nikidhani ni umbea wa kawaida. Kumbe ni kazi ya maandalizi. Habari ambazo kesho zingekuja kumtafuta, yeye huzifuata leo, akazichukua zote, zikabaki hazina sababu ya kupiga hodi.

Simu yake ndogo ya vitufe huilaza katika kidaka cha ukutani, juu kidogo ya kimo chake. Haizimi. Mwenye kuzima simu, anasema, hushinda akijiuliza nani anampigia. Wenye nambari wanajua kwamba Jumatano ni ya msiba na ya hospitali tu, na kwa kuwa wanajua, simu hulala. Nimewaona watu wa mjini wanaojifungia nyumbani kupumzika, simu kifuani, wakapitisha habari za walimwengu kwa kidole mpaka jua likazama. Hao nawapita, kila mtu anawajua, na wengi wao ni sisi.

Kugumu zaidi ni mlangoni. Upweke katika mji wa Waswahili ni jambo la kushukiwa. Mlango ukifungwa mchana kutwa, mtaa hausemi kwamba mwenyewe anataka utulivu. Unasema anaumwa, au kagombana na watu, au kafa. Saa tatu mtoto atatumwa kuchungulia. Saa nne watakuja watu wazima. Kwa hiyo anayetaka kuwa peke yake hapa hawezi kujifungia, la sivyo atashinda akieleza kwamba hana neno. Shangazi amelitatua hivi: mlango wake una mabawa mawili, kama milango mingi ya mji ule. Jumatano hufungua bawa moja, akalishusha pazia. Bawa lililo wazi linasema nipo, ni mzima. Pazia linasema mengine.

Hodi inapokuja hujibu kabla haijakaririwa, na hujibu kwa sauti kamili, haiifichi wala haiipunguzi. "Nipo, mwanangu, salama kabisa!" Sikiliza kilichokosekana: hakusema karibu. Lakini sauti ilivyo na uchangamfu, na ilivyomalizika kwa kushuka taratibu, aliyeko nje hawezi kujiona amefukuzwa. Hujibu, "Haya, Bi mkubwa," akaenda zake na moyo mweupe. Nimejaribu kuielewa sauti ile kutoka juu, kwa sababu neno "salama" kila mtu anaweza kulisema, na kila mtu akilisema hufungua mazungumzo. La kwake hufunga, na hakuna anayeumia. Mtoto akitumwa na sinia la mofa na samaki kutoka nyumba ya pili, huliacha tekani, pale palipo baina ya mlango na uwanja, na vyombo vitarudi Alhamisi na kitu ndani yake. Ugumu wa ufundi huu, kwa mtu wa pwani, uko hapo: kupata siku yako bila kumnyang'anya jirani haki yake ya kujua kama u mzima.

Nyumba nayo humsaidia, kwa sababu ilijengwa kwa akili ya namna hiyo. Ukitoka uchochoroni unaingia daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili ambapo mgeni wa kupita huketi. Ukivuka mlango, tekani inakulazimisha kupinda, kwa hiyo hata mabawa yote yakiwa wazi aliye nje haoni ila ukuta. Ndipo kiwanda, ndipo misana, vyumba virefu vinavyofuatana, na nyuma kabisa chumba kiitwacho ndani, chenye vidaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyechapisha utafiti wake wa mji wa Lamu mwaka 1975, alivipima na kuvichora vyumba hivi. Ni virefu na vyembamba, na wembamba wake una sababu moja: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko iliyo imara haifiki mbali. Chumba hakiwezi kupita mita 3 kwa upana, au chini ya hapo. Mti wa baharini ndio ulioamua upana wa vyumba vya watu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na mchana wa jua kali ukiweka kiganja juu yake utahisi bado zina ubaridi wa usiku.

Ndani ya vyumba hivyo shangazi huhama na mwanga. Asubuhi hukaa msana wa mbele, upande wa kivuli. Jua likisimama huingia ndani. Alasiri hurudi kiwandani, ukuta wa magharibi ukishatoa kivuli cha kutosha mkeka. Mkeka ni ule ule, mto ni ule ule. Kiti hakitumii, kwa hoja kwamba kiti kinangoja mgeni na anayekaa kitini huonekana anangoja pia, hata machoni mwake mwenyewe. Kitanda nacho hakikaribii mpaka baada ya adhuhuri, ambapo hujiruhusu usingizi mmoja, mfupi. Kulala mchana kutwa, kwa maoni yake, ni kuikimbia siku. Anataka iwepo, na yeye awepo.

Sitaki kuzipamba nyumba hizi kupita kiasi. Tangu UNESCO ilipouweka mji mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, maneno mazuri juu ya utulivu wa misana na vidaka yamekuwa mengi, na huko Shela, kijiji jirani, watu hutoka mbali wakalipia utulivu huo kwa usiku. Lakini utulivu wa zamani ulikuwa na mlipaji mwingine. Bibi wa kiungwana aliyekaa ndani mchana kutwa bila kugusa kitu aliweza kukaa kwa sababu kulikuwa na watumwa waliochota maji, waliotwanga, waliolima mashamba ya bara. Sheria ya kikoloni ilipoufuta utumwa nchini Kenya mwaka 1907, nyumba nyingi ziligundua kwamba ukimya wake ulikuwa na mikono nyuma yake. Na bibi mwenyewe, kwa upande wake, mara nyingi alikaa kwa kuwa kutoka hakuruhusiwa. Chumba kile kile kilikuwa starehe yake na kizuizi chake. Jumatano ya shangazi haina deni la namna hiyo. Maji ameyajaza mwenyewe, wali ameupika mwenyewe, na hasara ya siku isiyo na mshono anaibeba yeye.

Ufundi huu alijifunza kwenye eda. Mumewe alipofariki alikaa miezi 4 na siku 10, kama sheria ya dini inavyomtaka mjane: asitoke bila haja ya lazima, asijipambe, asijifukize udi. Majuma ya mwanzo hayakuwa ya upweke hata kidogo. Nyumba ilijaa, walilala watu misanani, sufuria hazikupoa. Kisha, kama ilivyo kila mahali, watu wakarudi makwao, na zikabaki siku nyingi zisizo na jina. Sindano hakuishika, anasema kofia ni kitu cha sherehe na mkono wake ulikataa. Mwezi wa pili ulikuwa mbaya. Aliogopa mchana kuliko usiku, maana usiku una desturi yake. Mwezi wa tatu akaanza kugundua kwamba mchana nao una maumbo, kwamba kuna saa za kuumiza na saa zisizoumiza, na kwamba zikiachwa zijipange hujipanga. Eda ilipokwisha, wenzake walimpaka hina na kumtoa, akafurahi kutoka. Juma lililofuata akajikuta anaitamani siku moja ya kule. Siku moja tu, bila msiba wake.

Nikamwuliza basi mawazo hujipangaje. Alikuwa anamalizia nyota ya kofia, akanijibu bila kuinua macho.

"Huja kama wageni, mwanangu. Wa kwanza ni wadai."

Wadai ni yale ya kufanya: paa linavuja pembeni, kofia ya yule bwana wa Malindi inatakiwa kabla ya Maulidi, chokaa ya ndani inabanduka. Hawa hufika mapema, mara tu anapoketi, na kila mmoja anataka ainuke sasa hivi. Sheria yake kwao ni moja. Huwapa nafasi waseme, hawapi miguu. Lililo muhimu, anasema, atalikumbuka Alhamisi. Asilolikumbuka halikuwa na haki ya kumwinua. Nadhani wengi wetu siku zetu huishia kwa wageni hawa. Tunainuka kupigilia msumari mmoja, na siku ndiyo imekwenda.

Wakishakata tamaa wadai, hufuata wagomvi. Maneno ya wifi yake kwenye harusi ya zamani. Ndugu aliyeuza sehemu ya shamba bila kuuliza. Na majibu aliyostahili kuyatoa siku ile, yanakuja sasa yakiwa yamenolewa makali. Hapa pana hatari, na aliniambia hivyo kwa uso mkavu: mtu asiyejua kukaa huishia hapa akatoka na hasira mpya ya jambo la kale, akapiga simu. Yeye huwaacha waseme mpaka waanze kukariri. Maneno ya ugomvi, kwa uzoefu wake, ni machache sana. Yakipita mara ya tatu hayana jipya, na mtu huchoka kuyasikiliza kama anavyochoka hadithi ya mlevi. Kuyakatiza ndiko kunakoyapa nguvu.

Karibu na adhuhuri huja maiti. Hawa hasemi mengi juu yao. Huwapokea, huwasomea, halafu husali, halafu hulala.

Na kuanzia alasiri, ikiwa siku imekwenda vizuri, huja wasio na shughuli naye. Harufu ya chaki ya madrasa aliyosoma akiwa mdogo. Sauti ya mtu akipasua kuni, hajui wapi wala lini. Rangi ya tanga fulani. Hawa hawadai, hawagombi, hawalii. Hapo, anasema, ndipo siku ilipo. Yale mengine yote ni foleni.

Kutoka dirishani nilichokuwa naona saa hizo ni kidogo sana, nami nilijizoeza kukitazama kwa sababu mswada wangu haukuwa ukisogea. Karibu na mlango wa choo pana birika la maji la saruji na chokaa, na humo mna visamaki, kama ilivyo desturi ya nyumba za kale, vilivyowekwa kula viluwiluwi vya mbu. Alasiri moja alisogea akakaa kwenye ukingo wake. Vilipomwona vilikimbilia chini. Hakuvirushia kitu. Akakaa, na baada ya muda kimoja kikapanda, kikasimama chini ya uso wa maji kikitikisa mapezi bila kwenda popote, kisha cha pili. Paka wa jirani alipita juu ya ukuta, akawatazama wote watatu, akaendelea. Mstari wa jua ulikuwa ukipanda ukutani mbele yake. Ulipofika kwenye ufa wa chokaa ulivunjika pembe, ukapita, ukanyooka tena. Misikiti ikaanza kuadhini, mmoja wa karibu, mmoja wa mbali, mwingine ukiwa umechelewa kwa maneno mawili, kama kawaida ya mji wenye misikiti zaidi ya 20. Akanawa, akaingia kusali. Sijui niseme nini zaidi. Lakini kwa muda ule hakukuwa na hata kitu kimoja katika mwili wake kilichokuwa kinataka kuwa mahali pengine, si bega, si shingo, na hilo mimi sijaliona kwa watu wengi.

Sala zina kazi kubwa zaidi katika siku hii kuliko nilivyodhani. Siku tupu isiyo na vigingi huporomoka, na mtu huporomoka nayo; kufikia jioni amejaa uzito usio na sababu. Yeye siku yake imekatwa vipande na adhana, na hakuna kipande kirefu cha kutisha. Nafikiri ndiyo maana wasiosali wanaotaka kujifunza ufundi huu wanahitaji kutafuta vigingi vyao wenyewe, chai ya saa fulani, kumwagilia mimea, chochote kile.

Kwamba ni ufundi, na kwamba watu hawazaliwi nao, kuna waliolipima jambo hilo. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walichapisha katika jarida la Science majaribio ambamo mtu aliachwa chumbani peke yake kwa dakika 15, bila simu, bila kitabu, na mawazo yake tu. Mbele yake palikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Washiriki walikuwa wamekwisha kuionja shoti hiyo na kusema wangetoa pesa wasipigwe tena. Hata hivyo wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza, na wanawake 6 kati ya 24. Nilimhadithia shangazi, nikitarajia ashangae. Akauliza swali moja.

"Walikuwa wamekula?"

Sikujua. Akaendelea kushona, kisha akaongeza kwamba dakika 15 ni wakati wa wadai, na waliwatoa watu kabla hata wagomvi hawajafika. Nani asiyetaka kupigwa shoti kuliko kukaa na wadai? Nimesoma wataalamu wakiyajadili majaribio yale kwa kurasa nyingi, na sikumbuki aliyesema jambo la maana zaidi kuliko hilo.

Wapo wanaume walioandika juu ya kukaa chumbani na wakapata jina. Xavier de Maistre, ofisa wa jeshi, alifungiwa chumbani kwake mjini Turin kwa siku 42 mwishoni mwa karne ya 18 kwa kosa la kupigana kwa silaha na mwenzake, akakizunguka chumba kile kama msafiri na kukiandikia kitabu cha sura 42. Kamo no Chomei wa Japani aliandika mwaka 1212 juu ya kibanda chake cha milimani, chenye mita 3 hivi kila upande, na nilipokisoma kipimo hicho niliziona boriti za Mkomani. Nawapenda wote wawili. Ila wamenunua upweke wakauuza. Siku zao zilitoa kitabu, na siku iliyotoa kitabu ilikuwa siku ya kazi. Jumatano za shangazi hazijatoa kitu. Hata wazo zuri likimjia halipeleki popote. Nilipomwambia nitaiandika siku yake, alisema niandike nikipenda, bora nisiandikie pale uwanjani.

Kuna Jumatano niliyoiona ikivunjika. Saa tano asubuhi, wadai wakiwa ndio kwanza wanaondoka, simu ya kidakani ililia, na kabla hajamaliza kuisikiliza kipaza sauti cha msikiti kikatangaza jina la marehemu. Kama ningekuwa mimi, nakiri, ningeisikitikia siku yangu kwanza, japo kwa nukta moja. Yeye alikuwa amekwisha simama. Akakunja mkeka, akavaa buibui, akachukua pesa ya mchango iliyokuwa imefungwa tayari kwenye pembe ya leso, akalifungua bawa la pili la mlango ili watu wajue hakuna mtu ndani. Akarudi usiku, miguu imevimba. Nilidhani atajilipa kwa siku nyingine. Alhamisi saa moja na nusu alikuwa msanani na sindano, na juma lile likapita bila Jumatano. Siku haina malipo, alisema. Ukianza kuidai, nayo imeingia kwenye daftari.

Wateja nao huijaribu. Bwana mmoja aliyekuwa na harusi alitaka kofia mbili kwa haraka, akatoa hesabu yake vizuri: ukiongeza Jumatano, zitakamilika kabla ya akdi, na yeye yuko tayari kuongeza. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwagiza chai, akamtajia mshonaji mwingine wa Langoni mwenye mkono mzuri. Bwana akaenda huko, akapata kofia zake, na ninavyojua zilikuwa nzuri.

Kitu kimoja hatujakubaliana mpaka leo, nacho ni kikombe. Jumatano baada ya chai ya asubuhi shangazi huosha kikombe chake na kukipindua juu ya kitambaa, na sufuria ndogo huisuuza. Nimemwambia kwamba kuosha vyombo ni kazi, na siku ya kutofanya kitu ikishaingia sabuni haiwezi tena kujiita hivyo. Yeye anasema kikombe kichafu kingeketi pale mchana kutwa kikimwita, na kukiosha ni sawa na kulipa lile deni la sukari. Nikamwuliza kwa nini basi asikiache ndani ya beseni akakifunika na sahani. Akaniuliza sahani hiyo nani ataiosha.

Hoja yake ina nguvu, lakini mimi bado naona ni kazi.